Watoto wanauliza "tujumlishe au tuzidishe?"

SWALI: Nafundisha Hisabati darasa la 5, watoto 78. Niliwapa swali lenye majibu mengi: mstatili una mzingo wa sm 24, urefu na upana vinaweza kuwa ngapi? Wakakaa kimya, wengine wakauliza tujumlishe au tuzidishe. Je, niwafundishe kwanza yale maneno ya kutambua tendo?

JIBU: Hapana mwalimu, hayo maneno ndo yamewafikisha hapo. Kila semina nakutana na hii kitu, vikaratasi vya tuisheni eti ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa, na wazazi wanatoa hela kabisa. Haya, mpe mtoto fumbo hili: Juma ana maembe 8, ana maembe 3 zaidi ya Asha, Asha ana mangapi? Aliyekariri anakwambia 11 hapo hapo, wakati jibu ni 5, kwa sababu hakusoma fumbo, aliwinda neno. Na hili sio la kwetu tu. Kule Grenoble, Ufaransa, 1979–80, watoto 97 wa shule ya msingi waliulizwa: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya hizo namba!

Kwako wewe, kile kimya kivumilie. Kila kundi la watoto 6 lipe njiti za kiberiti 24 waunde mistatili yao, alafu waje kuichora ubaoni. Utaona 11 kwa 1, 10 kwa 2, mpaka 6 kwa 6, na hapo watabishana kama mraba nao ni mstatili (ndio, ni mstatili, ila usiwahi kusema wewe). Akitokea anayetaka kuvunja njiti apate 6.5 kwa 5.5 muache avunje, huyo ameshaelewa. Ukimaliza waulize upi una eneo kubwa, waone wenyewe eneo linapanda toka 11 hadi 36 na mzingo ni ule ule.

Ila vile vikaratasi naomba visiingie darasani kwako, hata kama mtihani uko wiki ijayo, maana mtoto akishazoea kuwinda maneno inachukua miezi kumrudisha asome sentensi nzima, na anayekuja kumuokoa ni wewe, sio aliyemuuzia. Akija mtu ofisini kwenu na bahasha ya "mbinu za kufaulu hesabu", kabla hamjalipa chochote pitisheni lile fumbo la maembe kwenye hizo mbinu zake, mbele ya walimu wote, muone jibu linalotoka.