Peugeot 504: nimeweka LED, indiketa zimegoma na breki zimekuwa za waridi

Swali

Habari fundi. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1978 niliyoachiwa na marehemu baba. Naishi Jinja, na mara nyingi naenda nayo Kampala na kurudi jioni. Wanaonifuata wamelalamika kwamba taa zangu za nyuma ni hafifu, hata nikikanyaga breki hawaoni tofauti. Duka la spea liliniuzia globu za LED nyeupe, nikazipachika zote kwa mpigo, nyuma na kwenye indiketa. Sasa taa za breki zimekuwa za waridi, indiketa zinawaka moja kwa moja bila kupepesa, na nikiweka indiketa ya kulia, za kushoto nazo zinawaka. Kijitaa cha kijani cha dashibodi hakiwaki kabisa. Je, LED hazifai kwa gari la zamani, au kuna waya nimeuharibu?
Msomaji, Jinja

Jibu

Ndugu yangu, hujaharibu waya wowote, na LED zinaifaa 504 bila shida. Tatizo ni kwamba umebadilisha globu tu, ilhali mfumo mzima wa taa za gari hilo ulipangwa kwa kutegemea globu za nyuzi: rangi ya mwanga wake, mahali uzi ulipokaa ndani ya taa, na kiasi cha umeme inachokula. Kila dalili uliyoitaja inatoka kwenye mojawapo ya hayo matatu.

Rangi ndiyo rahisi. Mwanga wa globu ya nyuzi umejaa wekundu, na lenzi nyekundu huupitisha huo na kuzuia rangi nyingine. LED nyeupe kwa kawaida ni chembe inayotoa mwanga wa buluu, ikafunikwa unga wa manjano ili jicho lione weupe. Wekundu ndani yake ni mdogo. Ukiiweka nyuma ya lenzi nyekundu, mwanga mwingi unakwama pale, na kinachotoka ni huo uwaridi. Nunua LED nyekundu kwa lenzi nyekundu, na za rangi ya chungwa kwa lenzi za indiketa. Nyeupe ibaki kwa taa ya rivasi na ya namba.

Lakini usiende dukani bado. Kwanza rudisha globu za zamani zote mahali pake, kwa sababu kuna kipimo ambacho LED zitakuficha.

Kwenye gari kama lako umeme hufika kwenye globu kwa waya, na kurudi kwenye betri kupitia chuma cha soketi na bodi ya gari. Njia hiyo ya kurudi ndiyo ethi. Baada ya miaka zaidi ya 40 ya mvua za Jinja na vumbi jekundu, mahali soketi inapogusana na bodi huwa pameshika kutu. Washa taa za nyuma, mwambie mtu akanyage breki, kisha weka mita ya umeme kwenye volti za DC. Ncha moja iguse chuma cha soketi, nyingine ifike kwenye nguzo hasi ya betri kwa waya mrefu. Ukisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzima. Ukisoma 0.5 au zaidi, umepata sababu moja ya taa zako kufifia, na haihusiani na aina ya globu.

Kwa nini tupime na globu za zamani? Globu ya breki ya wati 21 inavuta karibu ampia 1.75. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.5 itakula karibu volti 0.9 globu hiyo ikiwaka. LED inayovuta ampia 0.2 itapoteza volti 0.1 tu mahali hapohapo, nawe utadhani kila kitu ni kizuri. Kutu itaendelea kula chuma taratibu, hadi siku indiketa, breki na taa ya usiku zinazotumia ethi moja zianze kuingiliana. Ukiweka indiketa, taa ya usiku inacheza nayo; fundi anatafuta kosa kwenye swichi wiki nzima.

Kwa hiyo fungua taa, piga msasa soketi na mahali inapofungwa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo. Mimi huongeza pia waya mpya wa ethi kutoka kila taa hadi kwenye boliti safi ya bodi. Ni kazi ya saa chache na vifaa vyake vinapatikana kwenye maduka ya spea ya Kisekka au Ndeeba, Kampala, kwa urahisi. Angalia na upande wa umeme unaokuja: pima volti kwenye kiguso cha katikati ya soketi breki ikiwa imekanyagwa, ulinganishe na betri. Ukikuta tofauti ya zaidi ya volti moja, fuatilia fyuzi, viungio na swichi ya breki. Osha riflekta ya ndani ya taa, yaani kile kikopo cha fedha kinachorudisha mwanga, kwa maji na sabuni laini bila kuisugua, maana ule weupe wa fedha ukitoka haurudi. Safisha lenzi ndani na nje. Kisha simama nyuma ya gari usiku uangalie upya. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa shida ya taa hafifu yanapona nusu hapa, kabla LED haijanunuliwa.

Bado nakushauri uweke LED, na sababu yangu kubwa ni kasi. Uzi wa globu unahitaji kupata moto kwanza, na inachukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake kamili. LED inawaka papo hapo. Kwenye barabara ya Kampala hadi Jinja, lori linalokufuata kwa kilomita 80 kwa saa linakwenda zaidi ya mita 22 kila sekunde. Sehemu mbili za kumi hizo ni mita nne na zaidi ambazo dereva wake anapewa bure. Pale msitu wa Mabira giza likishaingia, mita nne ni nyingi. Faida ya pili ni joto. Kwenye jamu ya kuingia mjini mguu unakaa kwenye breki dakika nyingi, na wati 21 ndani ya kikopo kidogo hupinda lenzi za plastiki. Lenzi za 504 zilizo nzima si rahisi kupata siku hizi.

Sasa kuchagua LED zenyewe. Globu inayofanya kazi mbili, taa ya usiku na breki, ni ile ya wati 21/5. Pini zake mbili za pembeni haziko kwenye kimo kimoja, ili isiingie kinyume, na tako lake huitwa BAY15d. Ya indiketa ni ya wati 21 yenye uzi mmoja, na tako lake kwa kawaida ni BA15s. Thibitisha kwa kusoma maandishi kwenye tako la globu unayoitoa, maana gari la umri huu limepita mikono mingi na huenda soketi imewahi kubadilishwa.

Tazama chembe za LED zinaelekea wapi. Riflekta ya taa yako ilitengenezwa kupokea mwanga unaotoka pembeni mwa globu na kuusukuma nyuma. LED ambayo chembe zake zote ziko kichwani itakupa nukta moja kali katikati na giza kuizunguka. Aliye nyuma yako kabisa ataiona, lakini mwenye boda boda anayekuja kwa pembeni hataona kitu. Chukua zenye chembe kuzunguka mwili wote pamoja na kichwani.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nami nalipa uzito kuliko yote. Globu ya 21/5 hutoa takriban lumeni (kipimo cha mwanga) 440 kwa uzi wa breki na 35 kwa uzi wa taa ya usiku. Breki ni zaidi ya mara kumi na mbili ya taa ya usiku, na tofauti hiyo ndiyo inayomshtua dereva wa nyuma. LED nyingi za bei nafuu zinawaka kwa nguvu sana kwenye taa ya usiku, na ukikanyaga breki zinaongeza kidogo tu. Ukiitazama dukani mchana utavutiwa na mwanga wake, kumbe barabarani ni hatari kuliko globu uliyoitoa: anayekufuata anaona wekundu uleule muda wote. Malalamiko ya wenzako yalikuwa kwamba hawaoni tofauti, basi usije ukanunua tatizo lilelile kwa bei kubwa. Weka LED upande mmoja na globu ya zamani upande wa pili, mtu akanyage breki, nawe usimame mita 30 nyuma usiku. Kisha tembea hadi pembeni uangalie kutoka huko pia. Ikiwa upande wa LED hauruki kwa namna inayoonekana wazi kama ule mwingine, irudishe.

Tukija kwenye indiketa, kuwaka bila kupepesa kunatokana na relei yake, kifaa kinachokata na kuunga umeme ili taa zipepese. Relei za zama hizo nyingi zina waya au bamba la metali linalopashwa moto na umeme uleule unaokwenda kwenye globu. Likipata moto linajikunja na kukata, likipoa linaunga. Globu mbili za wati 21 zinavuta ampia tatu na nusu hivi, na relei ilipangwa kwa mzigo huo. LED zako mbili huenda hazifiki hata nusu ampia, kwa hiyo bamba halipati moto na taa zinabaki zimewaka.

Utaambiwa ufunge rezista kubwa, kipande kinachokula umeme na kuugeuza joto, kwenye kila indiketa ili kuidanganya relei. Mimi sifanyi hivyo. Rezista ya kawaida ya omu 6 inakula zaidi ya wati 30 altaneta (mashine inayochaji betri) ikichaji vizuri, na inakuwa ya moto kiasi cha kuunguza ngozi na kuyeyusha kava za waya. Unakuwa umeweka jiko kwenye buti ili kuokoa umeme. Nunua relei ya elektroniki ya LED, yenye miguu mitatu. Miguu huandikwa B, L na E, au kwa mtindo wa Ulaya 49, 49a na 31: umeme unaoingia, unaokwenda kwenye swichi ya indiketa, na ethi. Ya zamani inaweza kuwa haina mguu wa ethi, basi vuta waya mmoja hadi kwenye bodi. Usikisie ni waya gani ni upi kwa rangi. Pima ule wenye umeme swichi ya gari ikiwa imewashwa. Ikishafungwa, hesabu mapigo. Kanuni za kimataifa zinataka kati ya 60 na 120 kwa dakika. Kama hazadi (indiketa zote kupepesa kwa pamoja) ina relei yake peke yake, ibadilishe nayo.

Relei mpya haitaondoa ile shida ya taa za kushoto kuwaka na za kulia. Hukuniambia dashibodi ina kijitaa kimoja cha kijani au viwili, ila kwa dalili ulizoeleza naamini ni kimoja, kimefungwa kati ya waya wa kulia na waya wa kushoto. Ukiweka indiketa ya kulia, umeme unapita kwenye kijitaa hicho na kutafuta ethi kupitia globu za kushoto. Globu za nyuzi haziwaki kwa umeme mdogo kama huo, zinaupitisha tu, na kijitaa kinawaka. LED zinatosheka nao, zinawaka, na kijitaa chenyewe kinabaki hakina cha kutosha.

Tiba yake ni dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, vitu vya bei ndogo katika duka lolote la vipuri vya redio. Chomoa kijitaa kwenye nyaya zote mbili. Kila waya, wa kulia na wa kushoto, upitie dayodi yake, mstari wa fedha wa dayodi ukielekea kwenye kijitaa. Ncha mbili za dayodi zikutane kwenye mguu mmoja wa kijitaa, na mguu wa pili uende ethi. Lehemu vizuri na ufunike kwa mrija wa plastiki. Maelezo haya ni ya gari ambalo nguzo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, kama 504. Mwenye Land Rover ya zamani ya Kiingereza iliyofungwa nguzo chanya kwenye bodi asiyafuate, na hata LED zake achague zinazokubali mpangilio huo.

Pima pia altaneta. Injini ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikipita 15, regulata (kidhibiti cha volti) imechoka, na LED zitakufa moja baada ya nyingine hata kama ulinunua nzuri. Vilevile usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi kupima altaneta. Umeme unaoruka wakati huo unaua vitu vya elektroniki mara moja, na sasa relei yako ni mojawapo.

Kama kazi hii ni nyingi kwa sasa, weka LED nyekundu kwenye breki na taa za usiku peke yake, indiketa zibaki na globu za nyuzi na relei yake ya zamani. Breki ndiyo yenye faida kubwa, na haihitaji kugusa relei wala dashibodi. Indiketa fanya baadaye ukipata nafasi. Taa kubwa za mbele ziache kabisa: riflekta yake inategemea uzi mahali kamili, na LED iliyopachikwa humo hutawanya mwanga machoni mwa wanaokuja mbele yako. Globu na relei ulizotoa zifunge kwenye kitambaa uziweke ndani ya gari, ili LED ikifa ukiwa Lugazi usiku usibaki bila breki ya kuonekana.