Mmea "wa Kula Watu": Ni Nani Anayeliwa?

Swali la safari hii limetoka kwa kijana wa Tanga. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu hucheza gemu za Castlevania, zile za kasri la Dracula. Humo mna maadui ambao ni mimea. Mingine ina miiba na hukaa chini ikingoja mtu apite. Mwingine ni ua kubwa lenye mwanamke katikati. Niliwaandikia wenzangu kwamba mmea wa kula watu anamaliza nguvu zangu haraka kuliko maadui wote. Mwenzangu mmoja akanisahihisha, akasema ni 'unamaliza'. Mimi naona kiumbe anayewinda, anayekula na anayeuawa kwa upanga hawezi kuwekwa ngeli moja na mchicha. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Mwenzako ndiye aliye sahihi, na sababu yake haihitaji maneno mengi. Ngeli ya A-WA haigawiwi kwa kigezo cha kula, wala cha kuwinda, wala cha kufa. Kiswahili kimeweka watu na wanyama upande mmoja, na vitu vingine vyote, mimea ikiwemo, upande wa pili. Ndiyo maana kiboko na kifaru, ingawa majina yao yana ki-, tunasema amezama na amejeruhiwa, na kipepeo asiye na uzito wa karatasi tunasema ametua. Mbuyu uliosimama karne nyingi, wenye uhai mrefu kuliko wa ukoo mzima wa viboko, ukianguka tunasema umeanguka. Neno lenyewe, mmea, limetoka katika kitenzi kumea, na kumea hakujawahi kumpandisha yeyote katika A-WA.

Kuhusu kula, kitenzi hicho hakichagui ngeli. Gari linakula mafuta, kutu inakula mabati, kesi imekula miezi sita, na hakuna aliyewahi kusema gari anakula mafuta. Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, uko katika methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi, ambalo kwa nasaba ya maneno ni jamaa wa mzimu na kuzimu, ndilo mlaji mkuu wa watu katika ngano zetu. Lina akili, linasema, linamtambua mtu linayemjua, na bado methali imelipa LI mara tatu katika maneno manne. Basi mmea ulioota kwenye sakafu ya kasri la Dracula nao ubaki na U yake.

Mimea ya kweli inayokamata wadudu inafuata njia hiyo hiyo. Dionaea, unaoota porini katika majimbo ya Carolina huko Marekani, una majani yaliyogawanyika pande mbili, na ndani ya kila upande mna vinywele vichache, kwa kawaida vitatu. Mdudu akigusa kinywele mara moja, jani hutulia. Akigusa tena kabla ya sekunde 20 hivi kupita, pande mbili hufumba, meno ya ukingoni yakapishana kama vidole vya mikono iliyoshikana, kisha mmea humwaga vimeng'enya na kumla taratibu kwa siku kadhaa, kwa kuwa udongo wake ni maskini wa naitrojeni. Mmea huu unahisi, unangoja, unafumba na unakula, na kila kitenzi kati ya hivyo kimeanza na U bila kumwumiza mtu sikio.

Hilo la ngeli limekwisha. Lakini katika barua yako, kabla ya kufika kwenye hilo "anamaliza", umeandika maneno manne ambayo nimepambana nayo kwa muda mrefu kuliko ngeli yoyote, nawe umeyapitisha kama kwamba hayana dosari: mmea wa kula watu. Wewe hukuyatunga. Umeyakuta katika tafsiri za vipindi vya wanyama, katika vichwa vya habari, katika maelezo ya filamu: papa wa kula watu, mimea ya kula nyama, simba wa kula watu wa Tsavo. Yameenea kiasi kwamba mtu akiandika vizuri huonekana anajikweza. Mimi sitayakubali, na naomba univumilie nieleze kwa nini, maana jambo hili limo ndani ya mfupa wa lugha.

Chukua sinia. Fika kwenye shughuli yoyote pwani, uliza masinia yaliyopo, utajibiwa kwamba haya madogo ni ya kula watu wanne na yale makubwa ni ya kula watu sita. Sinia la kula watu wanne. Pilau imepakuliwa, kachumbari imewekwa pembeni, watu wanne wameketi mkekani kulizunguka na kila mmoja anakula upande wake. Ni nani anayekula? Watu wanne. Ni nini kinacholiwa? Pilau. Sinia linafanya nini? Linabeba. Sasa liondoe neno sinia, weka neno mmea mahali pake, usiguse kingine chochote: mmea wa kula watu wanne. Kwa Kiswahili chenye afya umesema kwamba huu ni mmea mkubwa, ukichumwa na kupikwa utawatosha watu wanne. Ulitaka kutisha, umeandaa karamu.

Wala sinia haliko peke yake. Chumba cha kulala watu wawili hakiwalazi watu kwa nguvu. Wawili hao ndio wanaolala. Ukumbi wa kukaa watu 500, boti ya kupanda watu 20, chungu cha kula nyumba nzima: katika miundo hii yote, jina linalofuata kitenzi-jina ndilo mtenda, na kitu kilichotajwa mwanzo ni mahali au chombo cha kutendea. Hata ukiliondoa hilo jina la mwisho, maana haigeuki upande unaoutaka wewe. Maji ya kunywa hayanywi, yananywewa. Ndizi za kupika hazishiki mwiko. Mbuzi wa kuchinja hana kisu. Mmea wa kula, kwa mzungumzaji yeyote aliyelelewa na lugha hii, ni mchicha, ni kisamvu, ni tembele, ni kile kitu ulichokitaja kwa dharau katika barua yako.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba muktadha utafafanua, kwamba mtu anayekimbia mbele ya ua lenye meno hawezi kudhani ameletewa mboga. Utetezi huu ni dhaifu mahali popote, lakini katika gemu za Castlevania unaanguka kabisa, kwa kuwa humo mchezaji huvunja ukuta wa kasri akakuta nyama iliyokwisha kupikwa, akaila pale pale na kurudishiwa nguvu. Tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1986 jambo hilo limekuwa sehemu ya mchezo, na wenyewe mnalijua kuliko mimi. Katika kasri ambamo kuta zina vyakula, mtu akiambiwa kwamba chumba kinachofuata kina mmea wa kula, ana haki ya kuingia akiwa na njaa.

Wengine, walio makini zaidi, huniletea mbwa wa kulinda. Wanasema: mbwa ndiye anayelinda, basi mmea nao ndio unaokula. Hoja hii inastahili jibu. Muundo wa -a pamoja na kitenzi-jina unaeleza kazi ambayo kitu kimewekewa. Mbwa amefugwa ili alinde, mashine imenunuliwa ili isage, kwa hiyo tunasema mbwa wa kulinda na mashine ya kusaga. Wale simba wawili waliowaua wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 hawakufugwa na mtu kwa kazi hiyo. Walikula watu kwa sababu zao wenyewe. Kuwaita simba wa kula watu ni kudai kwamba kulikuwa na mwajiri. Ukiniambia kwamba Dracula ameipanda ile mimea makusudi ili iwale wageni wake, nitakuachia hoja, kwa shingo upande, lakini sinia litabaki pale pale, na msomaji ambaye hajui habari za Dracula ataendelea kuona watu wanne wakila.

Mfano mbaya kuliko yote niliyokutana nayo unahusu mti. Mwaka 1874 gazeti la New York World lilichapisha habari za mti wa Madagaska uliomkumbatia mwanamke kwa matawi yake na kumla mbele ya watu. Habari hiyo ilikuwa ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, ila ilizunguka dunia na kuaminiwa kwa miaka mingi, na mimea mingi ya kutisha katika hadithi na michezo ina udugu nayo. Nimewahi kuona ikisimuliwa kwa Kiswahili chini ya maneno haya: mti wa kula watu wa Madagaska. Yasome polepole. Watu wa Madagaska wamepata mti wao wa chakula. Mwandishi alikuwa na habari ya kumtoa mtu usingizini, na kwa kiunganifu kimoja akaigeuza kuwa taarifa ya kilimo. Hili ndilo linaloniudhi, kwa kuwa dawa ipo na haina gharama.

Dawa ni kirejeshi. Mmea ulao watu, mimea ilayo watu. Au, kwa umbo refu, mmea unaokula watu, mimea inayokula watu. Umbo fupi linaeleza tabia ya daima na linakaa vizuri katika jina la kiumbe. Umbo refu ni jepesi mdomoni na halina kosa. Angalia tu kwamba ku- ya kitenzi cha silabi moja hubaki katika unaokula na kuondoka katika ulao. Angalia pia usiigandishe walao. Kwa kuwa shuleni tumekariri wanyama walao nyama, waandishi wengi wanadhani walao ni sifa isiyobadilika, wakaandika mimea walao wadudu. Wanyama ni wa, kwa hiyo walao. Mimea ni i, kwa hiyo ilayo. Anayeandika mimea walao amefanya kosa lile lile lako la "anamaliza", ila amelifanya kwa mavazi ya kitaaluma, na hilo nalisamehe kwa taabu zaidi.

Utaniuliza kuhusu mla watu, maana sote tumekua na ngano ya Nunda mla watu, yule paka wa sultani aliyeanza kwa kula kuku akaishia kula watu. Nunda alikuwa mnyama, m- ya mla ikamfaa kama kanzu aliyoshonewa. Kwa mmea, mla watu inaweza kusimama kama lakabu, kama vile mtu anavyopewa jina la sifa, na katika umoja sitagombana nawe. Wingi wake ndio unaoharibu. Mimea wala watu, ukiiandika, kila msomaji ataisoma kama sehemu ya sentensi nyingine: humo kasrini hamna mimea wala watu. Umetaja maadui wako na hapo hapo umewafuta.

Nimebakisha yule mwanamke aliye ndani ya ua, na hapa nakupa nafasi ambayo mwenzako hakukupa. Katika Aria of Sorrow, gemu ya Castlevania ya mwaka 2003, anaitwa Alura Une. Jina hilo ni Alraune, neno la Kijerumani la mmea wa mandragora, lililopitia silabi za Kijapani na kutoka upande wa pili likiwa limekatwa vipande viwili. Kipande cha Une kikapewa mmea mwingine mdogo wa chini. Unapolitumia kama jina la mhusika, sema Alura Une amenyanyuka, Alura Une amenipiga, kwa kuwa umemtaja mtu wa hadithi, na wasimuliaji wetu wamefanya hivyo hivyo kwa zimwi wanapolipa jina na sauti. Lakini ua lake limefunguka, mizizi yake imetanda, na mmea wenyewe unakula. Mandragora nayo, ambayo katika ngano za Ulaya ina mzizi wenye umbo la binadamu na hupiga ukelele wa kuua iking'olewa, katika baadhi ya gemu hizo hutoka ardhini yenyewe kwa ukelele ule ule. Ukiwa unaueleza mzizi, sema umepiga ukelele. Ukiwa unamkimbia kama mhusika mwenye jina, sema amepiga.

Na pale unapotaka A-WA bila kuuvunja mmea, tumia neno adui, kwa kuwa adui ni wa A-WA bila ubishi. Adui huyu ananimalizia nguvu. Mmea huu unanimalizia nguvu. Unaweza hata kuyaweka yote katika sentensi moja, kila jina likifuatwa na upatanisho wake: adui anayenisumbua kuliko wote ni mmea ulao watu, na nisipoukata mapema hunimaliza kabla sijafika mlangoni. Mpelekee mwenzako sentensi hiyo, na kama atapata pa kuisahihisha, aniandikie.