Guka wa sebuleni na Guka wa nje ni kama kobe wawili tofauti

Nimekaa na kobe mmoja miaka sita sasa. Mtoto wangu alimwita Guka, yaani babu, juu ya zile ngozi za shingo, na ni wale kobe wetu wa hapa Kenya wenye gamba la manjano na madoa meusi. Nilimrithi kwa mjomba wangu, na kabla hata hajaingia kwa gari tulipitia ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kufuata makaratasi, maana kobe ni mnyamapori na sheria ya 2013 hairuhusu umfuge bila kibali. Kama umekutana na mmoja shambani tafadhali usimbebe, mwache aendelee na safari yake.

Miaka miwili ya kwanza tuliishi ghorofa ya tatu huku Section 58, Nakuru, nikamtengenezea boksi kubwa la kioo karibu na dirisha nikidhani nimemfanyia mambo makubwa. Kutwa nzima alikuwa anakwaruza ile kona, krr krr krr, ata tukila tunamsikia. Analala mpaka saa tano, ukimpa nyasi anageuza kichwa, anachotaka ni nyanya na matango tu. Mimi nikawa nishaamua hiyo ndiyo tabia yake, mvivu na anachagua chakula, na kila mgeni akija namwambia hivyo hivyo.

Daktari wa mifugo ndiye alinifungua macho. Alimshika, akamwangalia mdomo na gamba, akaniambia, "Mama, huyu hana ugonjwa, huyu amekosa jua." Mwanga ukipita kwa kioo cha dirisha, ile sehemu ya jua inayomsaidia kobe kutengeneza vitamini D inabaki nje karibu yote, na bila hiyo mwili hautumii kalsiamu vizuri, gamba na mifupa vinaharibika polepole na wewe huoni. Halafu kobe hajitengenezei joto kama sisi, akikaa kwa baridi tumbo halisagi chakula, sasa atakuwa na hamu ya kula aitoe wapi? Na kule kukwaruza ni kwamba anaona ng'ambo ya kioo lakini haelewi kuna kitu kimemzuia. Nilizungushia katoni upande wa nje na kelele zikapungua wiki hiyo hiyo.

Tulipohamia Kiamunyi nikapata ploti yenye nafasi, nikamtoa nje. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na mimi nusura nikate, juu wiki mbili za kwanza alijificha chini ya kichaka, hali, hatoki, siku ya tatu nikamrudisha ndani kwa woga, na hilo lilikuwa kosa, ilibidi tuanze upya. Mpe muda, weka maji karibu, usimguseguse.

Siku hizi jua likipiga anatoka mwenyewe, anasimama upande mmoja wa ua na kunyoosha shingo na miguu yote minne kama mtu anaota moto. Akishapata joto anaanza nyasi, anakata kwa mdomo huku mguu wa mbele umekanyaga shina, na zile nyasi alizokuwa anakataa ndizo anamaliza kwanza. Saa sita anaingia kivulini, saa kumi anarudi. Mvua ya kwanza kunyesha alitoka mbio (ndio, kobe anakimbia), akaingiza pua kwenye kidimbwi na koo likawa linapanda na kushuka, sijawahi kumwona akinywa hivyo sebuleni. Nilisimama pale nikalowa.

Ua nao una mambo yake. Nilianza na waya na akarudia kukwaruza ile ile ya kwenye kioo, nikapigilia mbao chini mpaka urefu wa goti asione nje, akaacha. Angalia pia mawe na kona za kupanda, akipinduka chali juani anaweza kufa, mapafu yake yako upande wa juu na uzito wote unayakandamiza. Mbwa ni hatari, hata yule mpole wa nyumbani, na siafu wakipita mtoe haraka. Usipulize dawa ya magugu popote anapokula. Na msimtoboe gamba kumfunga kamba, lile ni mfupa hai, anasikia uchungu.

Kitu kilichonitesa zaidi ni baridi yetu. Julai usiku Nakuru inashuka karibu digrii 10, mwaka wa kwanza nje alianza kutoa mapovu puani na kupumua mdomo wazi, tukakimbia kwa daktari, sindano siku kadhaa. Sasa ana kibanda cha mbao kilichoinuliwa kidogo kutoka chini, ndani nyasi kavu nyingi, mlangoni gunia. Nilimbeba kila jioni kama siku kumi hivi mpaka akajua njia. Kukiwa na unyevu na baridi pamoja analala ndani ya nyumba.

Kobe wadogo wa mwaka mmoja mimi ningewaweka ndani usiku bila kubahatisha, kunguru na panya wanawamaliza. Na kama uko kwa flati, mshushe juani kila asubuhi ukiwa hapo hapo naye, kwenye nyasi si kwenye simiti, na sakafuni weka kitu kisichoteleza juu tailsi zinamfanya miguu ipanuke vibaya. Lisaa moja tu kwa siku na utaanza kumwona anakuwa mwingine.