Kamera ya nyuma kwenye lori la tela: ifungwe wapi?

Fundi umeme ukimwachia achague mwenyewe, kamera ataifunga nyuma ya kichwa (sehemu ya mbele yenye injini na kebini, inayovuta tela), karibu na kibao cha namba, kwa sababu waya unafika upesi na kazi inaisha kabla ya chakula cha mchana. Kichwa kikiwa kitupu utaona vizuri kabisa. Funga tela, ingiza rivasi, na skrini yote inajaa chuma cha mbele ya tela. Hela imeshakwenda na nyuma bado huoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei na ukubwa wa skrini, jiulize unataka kuona nini. Kwenye lori la tela kuna kazi mbili zisizofanana hata kidogo: kuingiza kichwa chini ya tela, na kurudisha tela lenyewe. Kamera moja haimudu zote mbili. Kama mfuko unaruhusu moja tu, nunua ya nyuma ya tela.

Tela la boksi lina faida ya kimo. Ifunge juu, katikati, chini kidogo ya ukingo wa paa, kisha iinamishe mpaka ukingo wa bampa la nyuma uonekane sehemu ya chini ya picha. Ukingo huo usiuache nje, maana ndio kipimo chako. Bila huo unaona ukuta wa ghala vizuri lakini hujui umebakiza nafasi gani. Wengi huiinua kamera ili waone barabara yote mpaka mawingu. Raha ya macho tu hiyo, na jua la jioni likiipiga lenzi picha yote inakuwa nyeupe. Unachoogopa kugonga kiko hapo chini: jiwe, nguzo fupi ya geti, mtoto aliyekatiza.

Linalosumbua ni tela la kontena, na ndilo tulilo nalo wengi tunaotoa mizigo bandarini Dar es Salaam kupeleka Tunduma na kuvuka mpaka. Paa hakuna, na kontena si lako: leo linashuka hili, kesho linapanda jingine. Kamera lazima ikae kwenye chuma cha tela. Mimi huiweka kwenye boriti ya mwisho, usawa wa sakafu, katikati ya taa mbili, ikiwa imezama ndani sentimita chache ili tukigusa kitu chuma kitangulie. Kwenye bampa la chini usiiweke. Hapo tope la matairi linaishia lote, na ndipo panapogongwa mwanzo.

Ile mistari ya kijani, njano na nyekundu inayokuja na kamera ilipimwa kwa gari dogo. Kamera ikikaa kwenye kimo kingine, mistari inadanganya. Izime. Simamisha lori uwanja ulio sawa, pima kwa futi kamba mita moja kutoka kwenye bampa, halafu mbili, halafu tano, weka jiwe kila kipimo, na ubandike vipande vyembamba vya utepe wa gundi kwenye skrini pale mawe yanapoonekana. Siku hiyohiyo mwambie utingo asimame nyuma upande wa kushoto anyooshe mkono. Akionekana kulia, picha haijageuzwa kama kioo, na usirudi nyuma hata hatua moja mpaka fundi aibadilishe.

Kamera ya kufungia tela ni habari nyingine. Ukiiweka juu mgongoni mwa kebini itaona sahani (chuma bapa cha kichwa ambacho tela hukalia) mpaka pale tela linapoanza kuifunika, yaani itapofuka dakika unapoihitaji. Ishushe kwenye chasisi, kati ya kebini na sahani, iangalie nyuma ikiwa usawa wa sahani au chini yake kidogo. Hapo unaiona pini iliyo chini ya tela ikija, na unaona mapema kama tela limeinuliwa mno na pini itapita juu ya mdomo wa sahani unaoikamata. Grisi itairukia, ndiyo. Futa. Na hata ukiiona pini imeingia, shuka na tochi ukaangalie kufuli kwa macho yako.

Ya tatu, kwa mwenye uwezo, ni ya ubavuni. Dereva wa Tanzania anakaa kulia, kwa hiyo tela likikunjia kushoto wakati wa kurudi, kioo cha kushoto kinajaa ubavu wa tela, cha kulia kinaonyesha uwanja mtupu, na dirishani huwezi kuchungulia upande huo. Ifunge juu ya kebini kushoto, ikitazama nyuma na chini. Kwa bodaboda wanaojipenyeza kwenye kona za mjini inatosha kujilipa. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, ambako magari hupita kulia, ubavu huohuo ndio unaopishana na wengine.

Umeme wa lori ni volti 24, na injini ikichaji hufika 28. Kamera ya volti 12 ya gari dogo itakufa. Tafuta iliyoandikwa 12 mpaka 24 au zaidi. Tena, ile plagi ya kawaida ya pini 7 inayokwenda kwenye tela haina waya wa rivasi, hivyo usishangae kamera ikikaa kimya. Pitisha waya wake peke yake, wenye plagi yake, ili tela likibadilishwa kichwa kamera ibaki na tela. Kati ya kichwa na tela tumia waya uliojisokota kama mabomba ya upepo, waya huo usiguse chuma, na ujaribu kukata kona yote pande zote mbili uone haukazi. Zisizo na waya sizipendi: kontena ni chuma, mawimbi yanakatika, na picha inayochelewa kidogo wakati unarudi nyuma ni mbaya kuliko kutokuwa na picha.

Skrini nayo isikae chini katikati ya dashibodi. Ibandike karibu na nguzo ya kioo unachokitazama zaidi unaporudi, macho yahame kidogo tu.