Kaburi lina wenyewe

Msomaji mmoja kaniuliza kama ni vibaya kupiga picha makaburini. Nimemjibu kwamba si vibaya, mradi hakuna anayezikwa wala anayelia karibu. Jibu lilikuwa fupi, lakini swali limenitonesha kidonda, kwa hiyo mnivumilie.

Siku tulipomzika mama, kijana ambaye hakuna aliyemjua alipanda juu ya kaburi la jirani apate kuona vizuri, simu kainyanyua juu. Akakanyaga maua ya watu, akamrekodi dada yangu alipozimia, akaondoka bila hata kutoa pole. Kabla hatujafika nyumbani video ilikuwa imeshazagaa. Mjomba wetu ni mgonjwa wa presha, na tulikuwa bado tunatafuta namna ya kumwambia kwamba dada yake hayupo tena. Mazishi aliyaona kwenye simu. Miaka imepita, lakini nikimkumbuka kijana yule damu bado inanichemka, na tafadhali asinihubirie mtu habari za kusamehe.

Ndiyo maana nasema kaburi lina wenyewe. Usilikanyage, usilikalie, usiliegemee. Kwa Waislamu, kukalia kaburi kumekatazwa katika hadithi za Mtume, lakini hata asiye na dini anaweza kupita njiani kama wenzake. Ukikuta vijiwe vimewekwa juu ya kaburi la Myahudi, usivifagie ukidhani ni uchafu: vimeachwa na waliokuja kuzuru.

Hata mapenzi huharibu. Wageni walizoea kulibusu kaburi la mwandishi Oscar Wilde, kule kwenye makaburi ya Père Lachaise jijini Paris, midomo ikiwa na rangi. Mafuta ya rangi ile yakapenya kwenye jiwe, na kila kulisafisha kukazidi kulila. Mwaka 2011 likazungushiwa kioo. Walikuwa wanampenda, sikatai. Lakini jiwe halikuwa lao.

Hili la mama nalisafisha mwenyewe, kwa maji matupu na brashi laini, na herufi zote zinasomeka. Najivunia, ndiyo! Makaburi ya jirani yamemwagiwa siki na kusuguliwa kwa brashi ya waya, tena na watoto wa marehemu wenye nia njema kabisa. Marumaru huliwa na asidi, na siki ni asidi. Sasa majina ya wazazi wao yanasomeka kwa kubahatisha.

Nanyi mnaorusha matangazo ya moja kwa moja jeneza likishushwa, zimeni simu zenu. Kama familia imekubaliana kwa sababu kuna ndugu walio mbali, sawa, kazi hiyo apewe mtu mmoja tu, asimame pembeni, na kamera asiwaelekezee wanaolia. Asiye wa familia asubiri aombwe. Asipoombwa, ashike koleo asaidie kufukia.