Anza Machi, miti ikiwa mitupu

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza sisi tunaoishi ugenini: ni nini kinachokutoa kitandani mapema siku ya mapumziko? Kwangu mimi ni ndege wanaoimba majira ya kuchipua hapa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Alfajiri nafuata njia za miguu zinazokatiza mashambani. Sheria ya huku inamruhusu yeyote kuzipita, hata zikipasua katikati ya ngano ya mkulima.

Anayetaka kujifunza kuwatambua ndege aanze Machi, tena kwa masikio kabla ya darubini. Ikifika Mei ndege wote huimba kwa pamoja na miti imeshafunga majani. Mgeni haambulii kitu. Machi waimbaji ni wachache. Unamsikia mmoja, unamtafuta tawini, unamwona, na sauti yake haikutoki tena. Yupo chifchafu, kadege ka rangi ya kijani iliyofifia, kutwa kucha anajitaja: chif-chaf, chif-chaf. Kipozamataza usimtafute mitini. Huyo huimba huku akipaa juu ya shamba mpaka anakuwa kidoa.

Aprili wanaingia mbayuwayu, na hapo furaha yangu haifichiki. Ni jamii ileile tuliyozoea kuiona Tanzania imejipanga kwenye nyaya za umeme. Mwaka 1911 mmoja alivishwa pete ya utambulisho mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kiumbe wa gramu ishirini hivi, ameivuka Sahara! Kila nikiwaona wakiingia na kutoka kwenye banda la ng'ombe napenda kuwaambia majirani kwamba hawa ni wa kwetu pia.

Teleka, ndege wanaofanana na mbayuwayu, hufuata mwanzoni mwa Mei. Wao wananitia wasiwasi. Hutaga kwenye nafasi zilizo chini ya mapaa, na nyumba zikikarabatiwa matundu yao huzibwa. Tangu 2021 wamo katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini Uingereza. Baadhi ya watu wanajengea ukutani matofali yenye tundu kwa ajili yao, na naona kila nyumba mpya ingepaswa kuwa nayo.

Lakini ninayemsubiri kuliko wote ni kekeo. Jike hutaga kwenye viota vya ndege wengine, na wazazi huondoka mapema, wengi mwezi Juni. Kinda hulelewa na wageni, kisha husafiri peke yake hadi Afrika bila kuonyeshwa njia na yeyote. Tangu 2011 watafiti wamewafunga kekeo wa Uingereza vifaa vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, wakakuta wanakaa miezi ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo. Huko huwa kimya, hawaiti kama huku, kwa hiyo ni rahisi kuwapita bila kuwajua. Wasomaji wenzangu wa Kongo, Desemba mkimwona ndege wa kijivu, mkia mrefu, kifua chenye mistari kama ya kipanga, tafadhali andikeni mtueleze anakula nini na anakaa miti gani.

Msomaji, Suffolk