Kipimo kimoja kimepanda, cha pili kimenyamaza

Swali: Jambo Docta. Mimi ni fundi wa labo hapa Bukavu. Tumepima sampuli ya kidonda cha mgonjwa wa mpox kutoka upande wa Kamituga. Kipimo cha mpox kwa jumla kimetoa Ct 22, lakini kile cha kladi I (tawi moja la ukoo wa virusi vya mpox) hakikupanda kabisa mpaka mzunguko wa 40. Shefu anasema nimekosea pipeti. Nirudilie?

Jibu: Jambo ndugu. Tuanze na hiyo 22, maana ndiyo inayokutetea. Katika PCR hii, yaani njia ya kunakili DNA, kila mzunguko huzidisha kipande kinacholengwa karibu mara mbili, na Ct ni mzunguko ambapo mwanga wa proba (kipande cha DNA kinachong'aa kikikuta kinacholengwa) unavuka mstari wa kuhesabiwa chanya. Namba ndogo, virusi vingi, mizunguko 3.3 hivi ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 22 hadi 40 ni mizunguko 18, yaani tofauti ya mara 262,144, na kosa la pipeti halifiki huko. Ungeweka nusu tu ya sampuli, ungechelewa mzunguko mmoja, uone 23. Ingebidi uwe umesahau kabisa kuweka sampuli kwenye kisima kile. Mimi nimeshafanya hivyo, saa za jioni, kisima cha mwisho cha safu.

Kwa hiyo rudilia mara moja, visima viwili, basi. Vitendanishi ni ghali. Angalia pia kidhibiti chanya cha kladi I, ile sampuli inayojulikana kuwa nayo: kikipanda vizuri na sampuli yako ikanyamaza tena, iache pipeti ipumzike, kosa si lake.

Jibu liko ndani ya kirusi chenyewe. Kipimo cha kladi I kilichozoeleka, cha CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kinatafuta jeni moja, OPG032. Virusi vilivyogunduliwa Kamituga mwaka 2023, ambavyo leo tunaviita kladi Ib, vimepoteza kipande hicho cha DNA. Praima, vipande vifupi vinavyoanzisha unakili, hazina pa kushika, hata virusi viwe tele. Mashine haidanganyi hapo. Imeulizwa habari za kitu ambacho hakipo.

Kwenye fomu usiandike "si kladi I", wala usikimbilie kladi II. Andika: mpox chanya, kladi haijabainishwa. Kama mna kipimo cha kladi Ib, kiendeshe leo. Kama hamna, DNA iliyobaki igandisheni na kuituma kwenye labo inayosoma jenomu nzima, pamoja na grafu za vipimo hivyo viwili.